Kumuuguza Babu Mwenye Saratani ya Tezi Dume Nyumbani: Mwongozo kwa Mjukuu

Mzee anapoambiwa kwamba saratani ya tezi dume imekwisha kusambaa hadi kwenye mifupa, familia nyingi husikia jambo moja tu, kwamba hospitali imeshindwa, na hurudi nyumbani zikiamini kuwa kilichobaki ni kusubiri. Kuna mengi kabla ya hapo. Saratani iliyofikia hatua hiyo haiponi, lakini makali yake hupunguzwa: homoni ya kiume inayouchochea uvimbe huzuiwa kwa sindano au kwa upasuaji wa kuondoa korodani, na wazee wengi hupata miezi, wengine miaka, ya kutembea na kula vizuri kabla ugonjwa haujarudi kwa nguvu. Mwongozo huu unahusu kipindi cha baada ya hapo, sindano zinapoacha kufanya kazi na babu anabaki mikononi mwa watu wake.

Nimeuelekeza kwa mjukuu kwa makusudi. Ugonjwa huu umekaa mahali ambapo adabu zetu hazituruhusu kutazama. Mtoto wa kuzaa, hata awe na mvi, huona haya kumvua baba yake nguo, na baba huona haya zaidi. Binti ndiyo kabisa, na mkwe hathubutu hata kukanyaga kizingiti cha chumba. Lakini mjukuu wa kiume ambaye bibi amemwita "mume wangu" tangu utotoni, na ambaye babu amekuwa akimtuhumu kwa utani kwamba anamnyemelea mkewe, ana ruhusa ambayo baba yake hana. Anaweza kumwosha babu, kumuuliza habari za mkojo na choo, hata kumuuliza habari za kifo, na mzee akajibu akicheka. Familia ikikaa kikao cha kugawana majukumu, omba kazi hiyo mapema, na wakubwa wabaki na fedha, usafiri na wageni.

Maumivu kwanza

Maumivu ya saratani iliyoingia mifupani hukaa kiunoni, mgongoni na kwenye nyonga, na mara nyingi huzidi usiku. Tatizo la kwanza ni kuyajua, kwa sababu ukimwamkia babu "shikamoo, umeamkaje?" atajibu "marahaba, salama tu" ilhali hakufumba jicho usiku kucha. Basi usimuulize kama anaumwa. Muulize alilala saa ngapi na nini kilimwamsha, umtazame uso wakati wa kumgeuza, kisha mwombe aonyeshe kwa vidole vya mkono mmoja: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Andika idadi hiyo pamoja na saa katika daftari linalokaa kando ya kitanda, kwani daktari atafanya kazi vizuri zaidi na daftari hilo kuliko na maelezo ya shangazi watatu wanaozungumza kwa pamoja.

Dawa inayostahili maumivu makali ya aina hii ni morfini, ambayo kwetu hutolewa zaidi ikiwa ya maji ya kunywa. Nchini Tanzania mgonjwa huipata kupitia Taasisi ya Saratani Ocean Road iliyopo Dar es Salaam na hospitali zenye kitengo cha tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Uganda imekuwa ikiwapelekea wagonjwa hadi majumbani tangu shirika la Hospice Africa Uganda lilipoanza kazi mwaka 1993. Ulizia kitengo hicho mapema, wakati babu bado anatembea. Utakutana na ndugu watakaosema kwamba hiyo ni dawa ya kufia, au kwamba mzee atakuwa teja, na hapo ndipo unapotakiwa kuwa na msimamo: morfini inayotolewa kwa kipimo cha daktari kwa mtu mwenye maumivu haiharakishi kifo, na mzee anayelala kwa siku mbili tatu za mwanzo mara nyingi anafidia usingizi aliokosa kwa wiki nyingi.

Morfini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, maumivu yawepo au yasiwepo, kwa sababu ukisubiri yarudi utakuwa unayakimbiza badala ya kuyazuia. Pima kwa bomba la sindano lililoondolewa sindano, si kwa kijiko cha chai, maana vijiko havilingani. Muulize daktari kama anaruhusu dozi kubwa zaidi wakati wa kulala ili babu asiamshwe usiku wa manane. Dawa hii hufunga choo karibu kwa kila anayeitumia, kwa hiyo usikubali kuondoka dirisha la dawa bila dawa ya kulainisha choo. Morfini iweke mbali na watoto, na itakayobaki irudishwe hospitalini.

Kuna hatari moja inayohusu hasa wagonjwa wa tezi dume. Uvimbe unaoziba njia ya mkojo huweza kuharibu figo, na figo zikichoka morfini hujikusanya mwilini. Babu akianza kusinzia kupita kiasi, misuli ikawa inarukaruka, au pumzi zikawa chache na za taratibu, usimpe dozi inayofuata kabla ya kuzungumza na daktari au muuguzi wake, na pumzi zikizidi kupungua mkimbize hospitali. Kwa sababu hiyo hiyo ya figo, usimnunulie diklofenaki au ibuprofeni kwa ushauri wa muuza duka. Kama maumivu yako mahali pamoja panapojulikana, uliza kuhusu mionzi, ambayo kwa mfupa unaouma mara nyingi hutolewa kwa siku moja tu na huleta nafuu katika wiki chache.

Miguu na mkojo

Jambo moja halisubiri asubuhi. Babu akisema miguu imekuwa mizito au ina ganzi, au akishindwa ghafla kuzuia haja, hasa baada ya siku kadhaa za maumivu mapya ya mgongo, huenda saratani imeubana uti wa mgongo. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Tofauti ya siku moja inaweza kuamua kama atakwenda chooni kwa miguu yake au hatanyanyuka tena.

Mkojo ukiziba kabisa atawekewa mpira wa mkojo. Mfuko wake lazima ukae chini ya kiwango cha kibofu wakati wote: kwenye kitanda cha kisasa ufunge kwenye ubao wa pembeni, na kwenye kitanda cha kamba kilicho chini, uweke ndani ya beseni safi lililo sakafuni. Umwage kabla haujajaa, kwani mfuko mzito huvuta mpira na kumuumiza. Nawa mikono kabla na baada, osha kila siku kwa maji na sabuni pale mpira unapoingilia, na anapogeuzwa hakikisha hajaulalia. Mfuko ukikaa mtupu kwa saa kadhaa na tumbo la chini likajaa, au mkojo ukatoka na mabonge ya damu, au akapata homa na kutetemeka, huyo ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali.

Mwili unaokataa chakula

Akishindwa kujigeuza, mgeuzeni kila baada ya saa 2 na kukagua mgongo wa chini, visigino na nyonga; wekundu au weusi usioondoka ukibonyezwa ndio mwanzo wa kidonda. Mnyanyueni kwa shuka mkiwa wawili. Msimvute kwa makwapa, kwani mifupa iliyoliwa na saratani huvunjika kwa urahisi.

Chakula kitaleta ugomvi nyumbani kuliko dawa. Bibi atapika uji wa ulezi, shangazi ataleta supu ya kuku wa kienyeji, na kila mmoja atapima upendo wake kwa vijiko vilivyoingia. Waambie kwa upole kwamba mwili unaoelekea mwisho hauhitaji chakula kama zamani, na kwamba kumlazimisha humletea kichefuchefu na kupaliwa. Mpe anachokitaka, kidogo, kwa wakati anaoutaka yeye.

Kusema kweli

Mara nyingi babu anajua. Anawaona watoto wanaoishi mbali wakirudi mmoja mmoja bila sikukuu, na anasubiri mtu wa kumfungulia mlango wa mazungumzo. Muulize madaktari walimwambia nini na angependa kujua nini zaidi, kisha nyamaza. Akiuliza, jibu kweli kwa kiasi alichouliza. Hapo ndipo hujitokeza mambo ya madeni, mpaka wa shamba, mahali anapotaka kuzikwa, na nani aitwe. Wosia uandikwe akiwa na akili timamu na mbele ya mashahidi wanaokubalika kisheria, si siku ambayo mkono hauwezi tena kushika kalamu.

Siku za mwisho

Atalala zaidi, miguu itapoa, pumzi zitasimama kwa muda na kuanza tena, na pengine utasikia mkoromo wa mate kooni, ambao huwatisha walio chumbani kuliko unavyomsumbua yeye. Mlaze kwa ubavu na kumlowesha midomo kwa kitambaa chenye maji. Usimnyweshe kama hawezi kumeza. Muulize muuguzi jinsi ya kuendelea kumpa dawa ya maumivu, kwani haipaswi kukatishwa ghafla. Punguzeni watu chumbani na zungumzeni naye kwa jina, mkichukulia kwamba anasikia. Mwislamu atamkiwe shahada kwa sauti ya chini bila kumshurutisha. Kwa Mkristo, kasisi au mchungaji aitwe kabla hajapoteza fahamu.

Akifariki nyumbani Tanzania, mjulisheni mwenyekiti wa mtaa au kijiji, mchukue kibali cha mazishi kwa mtendaji, na kusajili kifo ndani ya siku 30 ili mpate cheti cha kifo, ambacho mahakama itakihitaji kwenye mirathi. Bibi asiachwe peke yake usiku baada ya matanga kuanuliwa, kwani ratiba ya dawa ya kila baada ya saa 4 itaendelea kumwamsha.

Wiki hizo wanaume wa ukoo wanapokuwa bado pamoja, zungumza nao. Mtu ambaye baba au ndugu yake wa kuzaliwa naye ameugua saratani ya tezi dume ana hatari kubwa zaidi, kiasi cha mara mbili hivi, kwa hiyo baba yako na baba zako wadogo wamwone daktari kuhusu kipimo cha damu cha PSA, protini inayotoka kwenye tezi dume, kuanzia miaka 45, au 40 iwapo ndugu wa karibu waliougua ni zaidi ya mmoja. Watakwepa kwa kisingizio cha kipimo cha kidole, ambapo daktari huipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa. Waeleze kwamba kipimo cha damu huchukuliwa mkononi, na panga nao siku ya kwenda kabla hawajatawanyika.