Kukuza msamiati wa Kiingereza cha juu: somo zima, msinifuate tena inbox

Wakuu, naandika mara moja ili nikiulizwa tena niwe narusha linki tu. Swali ni lile lile: "Habari naielewa, mazungumzo nayaweza, ila nikikaa kuandika Kiingereza changu ni kile kile cha kidato cha pili. Nifanyeje?" Kama bado unachanganya "was" na "were", somo hili lisubiri kidogo. Sikutukani, ila utapoteza bando bure.

1. Pima msingi. Michael West, mtaalamu wa kufundisha Kiingereza, alitoa orodha ya maneno yapata 2,000 ya kawaida mwaka 1953, ipo mtandaoni. Ukikwama kwenye mengi, anzia hapo.

2. Pakua Academic Word List, yaani orodha ya maneno ya kitaaluma. Averil Coxhead wa New Zealand aliitoa mwaka 2000: familia 570 za maneno (familia ni neno na maumbo yake, kama "assess" na "assessment"), mfano "assess", "assume" na "derive", ambazo hubeba karibu asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma. Usiikariri kutoka juu kwenda chini. Ichukulie kama daftari la mahudhurio: neno likijitokeza kwenye usomaji wako, lipige tiki.

3. Soma vitu vya fani yako. Mwanasheria asome hukumu za Mahakama ya Rufani, muuguzi asome miongozo ya WHO, mchumi ripoti za Benki Kuu. Paul Nation, mtafiti wa mambo haya, alikadiria kwamba kusoma gazeti au riwaya bila kamusi kunahitaji familia 8,000 hadi 9,000 za maneno. Msitishike. Sijaona mtu aliyezifikisha kwa kukariri.

4. Tumia kamusi ya wajifunzao Kiingereza. Longman, kwa mfano, inaeleza maana kwa maneno yapata 2,000 tu, na inakupa sentensi. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI ya 1996 ni mali kwa mfasiri, ila kwa kazi hii haitoshi, na sababu iko hatua inayofuata.

5. Tengeneza kadi za maneno, swali mbele na jibu nyuma. Hapa tulieni, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu, na mimi nilipita humo humo. Usiandike neno la Kiingereza upande huu na la Kiswahili upande ule ukadhani umemaliza. Chukua "kufanya". Sisi tunafanya kosa, tunafanya utafiti, tunafanya mkutano, tunafanya mtihani, tunafanya upasuaji, tunafanya uhalifu. Kitenzi kimoja kinatosha kote. Kiingereza kinasema "make a mistake", "conduct research", "hold a meeting", "sit an exam", "perform surgery", "commit a crime". Kadi yako ikisema "conduct ni kufanya", kesho utaandika "conduct a mistake". Neno la juu, sentensi mbovu.

Kwa hiyo kadi ibebe neno na wenzake. Mbele: "The bank ______ a survey of its customers." Nyuma: "conducted". Sentensi itoke kwenye ulichosoma, usiitunge mwenyewe, kwa sababu ukitunga utaikariri pamoja na kosa lake.

Maonyo. Andika kama neno ni la sifa au la lawama: "notorious" ni mtu anayejulikana, lakini kwa ubaya, kwa hiyo usimwandikie bosi wako barua ya kumsifu kwa neno hilo. "Childlike" ni utoto unaopendeza, "childish" ni utoto unaoudhi. Usiweke maneno yanayofanana siku moja, mfano "affect" na "effect". Yataingiliana na utayachanganya yote mawili. Na neno ulilokutana nalo mara moja tu, kama "perspicacious", liache lipite. Likija tena, ndipo liandikie kadi.

6. Rudia kwa kuachia nafasi: kesho, baada ya siku chache, baada ya wiki, baada ya mwezi. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Kijerumani, alionyesha mwaka 1885 jinsi tunavyosahau haraka tusiporudia. Programu ya Anki inakupangia ratiba hiyo bure kwenye kompyuta na kwenye Android. Huna simu janja? Kata manila, tafuta boksi lenye vyumba. Kadi uliyoipata isogee chumba cha mbele, uliyokosa irudi cha kwanza.

7. Andika aya moja kila siku ukitumia kadi za siku hiyo.

MASWALI

Mdau: Mkuu naomba PDF ya hayo maneno 570 pamoja na maana zake kwa Kiswahili.
Jibu: Hatua ya 2, kisha ya 5. Soma.

Mdau: Nina IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, wiki mbili zijazo. Nikariri maneno mangapi kwa siku?
Jibu: Sifuri. Fanya mitihani ya majaribio. Robo ya alama za insha ni msamiati, kweli, lakini wanaangalia pia usahihi wa matumizi. Neno usilolimudu litakushusha.

Mdau: Mimi naona haya maneno makubwa ni kujionyesha tu. Ujumbe si umefika?
Jibu: Umesoma, au umesoma kichwa cha habari? Sijamwambia mtu aandike "utilize" mahali pa "use". Msamiati wa juu ni kujua "refuse", "deny" na "reject" zinaachana wapi, wakati sisi zote tunaweza kusema "kataa". Mtu anaandika "he refused the allegations" badala ya "denied" kila siku, na anadhani ujumbe umefika.

Mdau: Habari, niko Bujumbura na nimesoma kwa Kifaransa. Naona maneno magumu ya Kiingereza nayajua tayari, ila mepesi ndiyo yananisumbua. Ni kawaida?
Jibu: Ni kawaida kabisa, na swali zuri. Wanormani waliiteka Uingereza mwaka 1066, na kwa muda mrefu Kifaransa kikawa lugha ya ikulu na mahakama. Ndiyo maana kuna jozi: "begin" na "commence", "ask" na "demand", "help" na "assist". La kwanza la wenyeji, la pili la wakubwa. Wewe umeingilia mlango wa wakubwa. Faida unayo, lakini chunga mitego: "demander" ni kuomba au kuuliza tu, ilhali "demand" ni kudai kwa nguvu. "Actuellement" ni sasa hivi, "actually" ni kwa kweli. "Éventuellement" ni huenda, "eventually" ni hatimaye. Hizi zitengenezee kadi zake peke yake. Upande wako mgumu utakuwa vitenzi vidogo kama "put off" na "carry out". Vipe nusu ya muda wako.

Mdau: Nyongeza: na matamshi je? Nimejifunza neno, nikilitamka mzungu ananiuliza mara mbili.
Jibu: Ni mkazo. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunauhamisha kama ulivyo: tunasema "cateGOry" na "ecoNOmy" wakati ni "CAtegory" na "eCOnomy". Halafu kuna "record": nomino mkazo mbele, kitenzi mkazo nyuma. Bonyeza alama ya spika kwenye kamusi, sikiliza, kisha andika silabi yenye mkazo kwa herufi kubwa nyuma ya kadi. Zile za zamani zirekebishe zikifika zamu yake, usikae kuzifumua zote usiku mmoja.