Namna ya Kuchagua Kaliba ya Bunduki kwa Uwindaji wa Kulungu Wadogo

Mwongozo huu unahusu kulungu wenye uzito wa kilo 10 hadi 30 hivi: kulungu wa roe, ambaye ameenea sehemu kubwa ya Ulaya, muntjaki, na kulungu wa maji wa China. Kwa kuwa mifupa yao ni myembamba na kifua chao si kipana, karibu kila risasi iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama wa porini inaweza kuwaua. Ugumu uko katika kupata risasi inayoua upesi bila kuharibu nyama, inayokubalika kisheria, na ambayo mpigaji ataifyatua bila kuogopa teke la bunduki, yaani msukumo wake wa kurudi nyuma. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, kwani anayeanza kwa kununua bunduki kabla ya kusoma sheria huweza kujikuta na chombo asichoruhusiwa kukitumia.

Hatua ya 1: Soma sheria ya mahali utakapowinda

Sheria hutofautiana hata kati ya maeneo yanayopakana. Katika England na Wales, Sheria ya Kulungu ya mwaka 1991 inataka bunduki ya kuwindia kulungu iwe na kaliba (upana wa ndani wa mtutu) isiyopungua inchi .240 na nishati isiyopungua futi-pauni 1,700 (takriban jouli 2,305) kwenye mdomo wa mtutu. Muntjaki na kulungu wa maji wa China wamelegezewa masharti: kwao inatosha kaliba ya inchi .220, kichwa cha risasi (kipande kinachoruka kutoka mtutuni) chenye uzito wa greni 50, greni ikiwa kipimo kidogo cha uzito, na nishati ya futi-pauni 1,000, yaani jouli 1,356 hivi. Ukivuka mpaka na kuingia Scotland, kulungu wa roe anaweza kuwindwa kwa kichwa cha greni 50 chenye kasi isiyopungua futi 2,450 kwa sekunde na nishati ya futi-pauni 1,000. Kwa hiyo .223 Remington, aina ya risasi yenye kaliba ndogo, ni halali kwa kulungu wa roe wa Scotland, ilhali ni kosa kumpiga nayo mnyama huyohuyo akiwa England. Ujerumani hupima kwa namna nyingine: risasi ya kulungu wa roe lazima ibaki na jouli 1,000 inapofika mita 100.

Angalia pia iwapo nishati ya risasi yako iko juu ya kiwango kwa pengo dogo. Risasi ya .222 Remington yenye kichwa cha greni 50 hutoa takriban jouli 1,480, lakini takwimu za kwenye boksi kwa kawaida hupimwa kwa mtutu mrefu wa majaribio. Mtutu mfupi hupunguza kasi, na risasi iliyokuwa halali kwenye karatasi inaweza kuanguka chini ya kiwango. Mwenye mtutu mfupi apime kasi ya risasi zake kwa kipimakasi kabla ya kwenda porini. Kuhusu .22 Hornet hakuna haja ya kubishana: haifikii viwango hivi, kwani nishati yake ni karibu jouli 980 tu ikitoka mtutuni.

Hatua ya 2: Pima umbali na mazingira

Kulungu wadogo hupenda vichaka na kingo za misitu, na wengi wao hupigwa ndani ya mita 150. Katika umbali huo tofauti za mpindo wa risasi kati ya kaliba za kisasa ni ndogo mno kuamua lolote, kwa hiyo usilipie kasi ya ziada iliyokusudiwa kwa mita 400. Kinachobana ni ukubwa wa shabaha, kwa sababu eneo la moyo na mapafu ya muntjaki ni kama duara la sentimita 10.

Wapo wanaodai kwamba kichwa kizito hupenya vijiti bila kupotoka. Usiwaamini, kila kichwa hupotoka kikigusa kijiti, na dawa yake ni kusubiri mnyama atoke mahali peupe. Kumbuka pia kwamba kwa mnyama mwembamba hivi kichwa mara nyingi hutokea upande wa pili kikiwa bado na nguvu, hivyo nyuma yake lazima pawe na udongo wa kukizuia, hata kama kaliba yako ni ndogo.

Hatua ya 3: Linganisha makundi ya kaliba

Kundi la kwanza ni la .222 na .223 Remington. Kichwa cha greni 55 cha .223 hutoka kwa kasi ya takriban mita 988 kwa sekunde kikiwa na jouli 1,740 hivi. Teke lake ni hafifu, na kundi hili linamfaa mwindaji wa muntjaki, au wa kulungu wa roe pale sheria inaporuhusu, ila halisamehe makosa ya kulenga.

Kundi la pili lina .243 Winchester, iliyotoka mwaka 1955. Kichwa cha greni 100 huenda kwa kasi ya takriban mita 900 kwa sekunde kikiwa na jouli 2,630 hivi, jambo linaloiweka juu ya kiwango cha England kwa nafasi ya kutosha. Mtu akiniomba nimtajie kaliba moja tu kwa kulungu wadogo, humtajia hii.

Kundi la tatu ni la milimita 6.5, hasa 6.5×55 ya Sweden, ambayo asili yake ni miaka ya 1890, na 6.5 Creedmoor ya mwaka 2007. Ndilo chaguo langu kwa mwindaji ambaye leo anawinda kulungu wa roe na kesho mnyama mkubwa zaidi. Hata .308 Winchester inafaa ikiwa tayari unayo. Ni nguvu ya ziada, lakini si kosa.

Hatua ya 4: Chagua kichwa cha risasi

Hapa ndipo wengi hupita haraka, ilhali kichwa ndicho kinachomgusa mnyama. Kuna vichwa vyepesi vilivyotengenezwa kwa ajili ya mbweha na wanyama waharibifu, kwa mfano vya greni 58 katika .243, ambavyo hupasuka mara tu vinapogusa kitu. Vikigonga bega la kulungu hutawanyika juujuu, vikaacha jeraha baya lisilofika mapafuni. Tafuta kichwa kilichoandikwa wazi kwamba ni cha kulungu, kinachotanuka kwa mpangilio na kubaki kipande kimoja, kwa .243 ni greni 95 au 100.

Upande wa pili kuna hatari isiyotajwa sana. Kichwa kigumu kilichokusudiwa mnyama mkubwa kinaweza kupita kwenye kifua chembamba kabla hakijatanuka, na mnyama akakimbia mbali. Mwenye .308 achague kichwa laini cha greni 150, wala asichukue kile kilichoimarishwa kwa ajili ya nguruwe mwitu.

Uharibifu wa nyama hutokana zaidi na kasi ya kichwa kinapogonga kuliko upana wa kaliba. Kichwa cha greni 140 cha 6.5×55 kinachoenda mita 800 kwa sekunde mara nyingi huacha damu iliyovilia kidogo kuliko kichwa chepesi cha .243 kinachokimbia kwa kasi zaidi. Aidha, ukipiga nyuma kidogo ya bega utaokoa nyama kuliko kwa kubadili kaliba.

Iwapo unahitaji vichwa vya shaba visivyo na madini ya risasi, kama Denmark ilivyoagiza kwa uwindaji wote tangu Aprili 2024, shuka uzito. Shaba ni nyepesi, hivyo kichwa cha uzito uleule huwa kirefu zaidi, na huhitaji kasi nzuri ili kitanuke. Greni 80 za shaba katika .243 hufanya kazi vizuri.

Hatua ya 5: Hakikisha mtutu unakubali kichwa hicho

Mifuo ndani ya mtutu hukizungusha kichwa ili kisiyumbe, na kichwa kirefu huhitaji mzunguko wa haraka zaidi. Mtutu wa .223 unaozungusha mara moja kwa inchi 12 hufaa vichwa hadi greni 55 hivi. Ule unaozungusha mara moja kwa inchi 8 hutuliza hata vya greni 70 na zaidi. Mara nyingi kipimo hiki huchongwa kwenye mtutu wenyewe.

Hatua ya 6: Jaribu teke

Azima au kodi bunduki ya kaliba unayoitaka kabla ya kununua. Ukijikuta unafumba macho unapovuta kifyatulio, shuka kaliba. Pale kinaporuhusiwa, kizuia sauti hupunguza teke kwa kiasi kikubwa.

Hatua ya 7: Lenga shabaha kwa risasi utakazowindia

Nunua aina mbili au tatu za risasi, piga tatutatu za kila aina kwenye karatasi iliyo umbali wa mita 100, kisha uchague aina inayokusanyika ndani ya sentimita 3 au 4. Kwa .243 ya greni 100, rekebisha darubini ili risasi ipige sentimita 3 juu ya kitovu katika mita 100. Katika mita 150 itakuwa karibu na kitovu chenyewe, na katika mita 200 itashuka kama sentimita 5. Baada ya hapo nunua maboksi ya kutosha yenye namba ileile ya toleo, na kila ukibadili toleo urudi kwenye karatasi kabla ya kwenda kuwinda.