Kabla ya kuwaita watu kupima saratani, jua watatibiwa wapi

Mimi ni muuguzi, na kazi yangu ni kupeleka uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi kwa wanawake ambao hospitali haiwafikii. Anayetaka kuanza kazi hii namwambia: usitangaze siku ya kupima mpaka ujue atakayekutwa na tatizo atatibiwa wapi, na nauli itatoka kwa nani. Kumpima mtu ukamwachia karatasi ya rufaa mkononi ni kumtia hofu tu. Piga simu huko unakotaka kumpeleka. Uliza siku za kliniki, uliza kama mashine ya matibabu ni nzima, pata jina la atakayempokea.

Kisha watafute wasiokuja. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanazijua kaya zao. Kaa nao mpitie orodha nyumba kwa nyumba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha HPV, virusi vinavyosababisha saratani hii, kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10. Kwa wanaoishi na VVU, kuanzia miaka 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5. Vipimo vikiwa haba, mwenye miaka 45 ambaye hajawahi kupimwa hata mara moja atangulie mbele ya yule anayepimwa kila mwaka kwa kuwa anakaa jirani na kliniki. Utalaumiwa, zoea.

Usikubali jibu la "hawana elimu", maana linatuondolea sisi lawama. Waulize wenyewe. Utasikia habari za kibarua cha siku kinachopotea, mtoto asiye na wa kumwangalia, kitanda kirefu asichoweza kukipanda mwenye ulemavu, na aibu ya kuvua nguo mbele ya mwanamume. Kwa hiyo fungua jioni au siku ya mapumziko, tafuta kitanda kinachoshuka, na tangazo liseme wazi kuwa mpimaji ni mwanamke.

Aibu ikizidi, mwache ajichukulie sampuli mwenyewe. Mimi humpa kijiti akishike kwanza, akione kilivyo laini. Anaingia nyuma ya pazia, anakisukuma taratibu ukeni, anakizungusha kama maelekezo ya kifaa yanavyosema, anakitoa na kukitia kwenye kichupa bila kukigusisha popote. Hakuna anayemchungulia. Kwa vipimo vya PCR, yaani vya maabara vinavyotafuta vinasaba vya virusi, usahihi wake unakaribiana na sampuli iliyochukuliwa na mhudumu.

Kabla hajaondoka, mweleze kwamba majibu chanya yanaonyesha kuna virusi, hayasemi ana saratani; maambukizi mengi huisha yenyewe, lakini lazima arudi aangaliwe. Halafu muulize: simu hii ni yako peke yako? Simu nyingi hushikwa na watu wawili au watatu. Kubalianeni maneno ya ujumbe, yasitaje ugonjwa wala kliniki.

Aliyekutwa na tatizo mpe msindikizaji. Mwaka 1990 daktari wa upasuaji Harold Freeman alianzisha mpango wa namna hiyo Harlem, New York, kwa sababu wagonjwa maskini walikuwa wakikwama kati ya kugunduliwa na kutibiwa. Si lazima awe mtaalamu. Mtafute mtu anayezijua korido za hospitali, asiyechoka kupiga simu, na umlipe. Kazi hii haiendi kwa kujitolea kwa muda mrefu.

Daftari langu lina safu tano: sampuli imechukuliwa, majibu yamefika kwake, rufaa, amefika, ametibiwa. Kila mwisho wa wiki nawapitia wenye majibu chanya ambao safu ya mwisho bado iko wazi. Asiyepatikana kwa simu, mhudumu wa eneo lake anamwendea. Ripoti ya wafadhili nayo naiandikia safu hiyohiyo. Wakiuliza mbona namba ni ndogo, nawafungulia daftari waone walikwama safu ipi, na hapo ndipo naomba fedha za nauli.