Somo: Kutazama ndege milima ya Gredos mwezi wa Mei

Habari zenu wanachama. Wengi mmeniomba niandike jinsi ya kwenda Gredos, safu ya milima iliyo magharibi ya Madrid, mkoa wa Ávila. Nimeshaenda mara kadhaa na bado sijaichoka. Fuateni hivi.

Hatua ya 1: Wakati. Nenda kati ya nusu ya pili ya Mei na katikati ya Juni. Hapo ndipo piorno inapochanua, vichaka vya kimo cha kiuno vinavyoufanya mlima mzima kuwa wa manjano. Aprili theluji bado imelala njiani, na ndege wengi watokao Afrika hawajatulia. Julai madume wananyamaza, na ndege aliyenyamaza ndani ya kichaka humpati.

Hatua ya 2: Lala Hoyos del Espino. Kutoka kijiji hicho, barabara ya kilomita 12 inapanda hadi maegesho yanayoitwa Plataforma, karibu mita 1,770 juu ya usawa wa bahari. Fika saa 1 asubuhi, jua linapochomoza. Anayetoka Madrid siku hiyohiyo atakuta watu wameshajaa wanaelekea Laguna Grande, ziwa lililo juu mlimani, na ndege wameshapunguza kuimba.

Hatua ya 3: Nguo. Aliyewahi kuamka Makete mwezi wa Juni anaijua baridi hiyo. Beba koti, kofia, maji na kitu cha kukalia, maana mawe yana umande.

Hatua ya 4: Keti. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Kutoka Plataforma kuna njia iliyotandikwa mawe. Tembea dakika kumi tu, kisha chagua jiwe linalotazama vichaka, ukae nusu saa bila kunyanyuka. Unayemsubiri ni ndege mdogo ambaye Wahispania humwita pechiazul, yaani kifua cha buluu.

Mara ya kwanza niliufuata wimbo wake kichaka hadi kichaka, nikaambulia mkia unaopotelea chini. Mara ya pili nilikaa. Baada ya robo saa dume alipanda mwenyewe kwenye kijiti cha juu, hatua kama nane kutoka nilipo. Akiwa ameelekea kwingine alikuwa ndege wa kahawia tu, asiye na cha kutazamwa. Alipogeuka, koo lote lilikuwa buluu kali, limezungukwa na maua ya manjano, na lilitetemeka kwa kila sauti aliyotoa. Kisha akaruka juu, akashuka polepole huku ameutanua mkia, na rangi ya kutu ikaonekana kwenye shina la mkia.

Hatua ya 5: Kagua miamba. Endelea hadi Prado de las Pozas, uwanda wa majani na maji. Pitisha darubini kwenye ncha za mawe makubwa. Dume mwenye kichwa cha buluu-kijivu, tumbo la chungwa na baka jeupe mgongoni ni roquero rojo. Msimu wa baridi wa Ulaya, ndege wa aina hii huonekana Kenya na Tanzania, kuanzia Oktoba hadi Machi hivi. Sisemi ni yuleyule mmoja, lakini nilipomwona akiimba juu ya jiwe la Ávila nilihisi nimekutana na mtu wa nyumbani. Kwetu nilikuwa nimemwona amenyamaza tu.

Mbuzi mwitu mtawaona bila kuwatafuta. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamebaki wachache mno, hadi eneo likafanywa hifadhi ya mfalme Alfonso XIII mwaka 1905.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo dada. Darubini ipi inafaa kwa anayeanza?*

Marahaba mdogo wangu. Chukua 8x42. Nane ni ukuzaji, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ya 10 inakuza zaidi, lakini kila mtetemo wa mkono nao unakuzwa.

*Naweza kupiga sauti ya ndege kwa simu ili ajitokeze?*

Hapana, kaka, nakusihi. Dume akisikia sauti hiyo anadhani mwenzake amevamia eneo lake. Anaacha kula na kulinda kiota ili apigane na adui asiyekuwepo. Majira ya kuzaa milimani ni mafupi, na asubuhi moja kwake ni kubwa.

*Nina mtoto wa miaka sita, atamudu?*

Atamudu, ila msiende hadi ziwani. Kaeni karibu na Plataforma, mbuzi mwitu watamtosha.

*Huko kuna tumbusi kama wa kwetu Serengeti?*

Wapo, tena wengi. Wanaoanza kuzunguka hewa ikishapata joto, kama saa 4 hivi, ni buitre leonado, ndugu wa karibu wa tumbusi wa Rüppell anayetaga kwenye majabali ya milima ya Gol, jirani na Serengeti. Na huyo wa Rüppell mwenyewe huonekana Hispania mara mojamoja. Huvuka mlango wa bahari wa Gibraltar pamoja na buitre leonado wanaporudi kutoka Afrika. Kwa hiyo kundi likipita, usitazame wa kwanza ukashusha darubini. Mtafute mweusi kidogo kuliko wenzake, mwenye madoa meupe kama magamba kwenye manyoya yake.