Programu yako inapokataliwa folda ya barua pepe ya pamoja

Tuseme ofisi ya wakala wa forodha bandarini Tanga ina folda ya pamoja iitwayo Mizigo, na programu yenu huisoma kwa IMAP, yaani itifaki ya kusoma barua pepe zilizo kwenye seva. Seva ikijibu NO (imekataa ombi), soma neno lililo kwenye mabano ya jibu hilo kabla hujagusa msimbo wa programu.

AUTHENTICATIONFAILED ni kuingia kumekataliwa: mara nyingi nywila au jina la mtumiaji si sahihi, na seva huenda isiseme ni lipi.

NONEXISTENT (folda haipo) mara nyingi ni jina. Tuma amri ya NAMESPACE uone kiambishi na alama ya kutenganisha. Huenda njia ni Shared/Mizigo au Shared.Mizigo. Usikisie: tuma LIST, amri inayoorodhesha folda, nakili jina kama lilivyo. Lakini folda usiyoruhusiwa kuiona nayo hujibiwa kana kwamba haipo.

NOPERM ni ruhusa, na hapa wengi hukwama, maana karani akiifungua folda kwenye simu yake inafunguka. Ruhusa ni za akaunti ya programu, si za karani. Hakikisha kwa amri ya MYRIGHTS, inayorudisha ruhusa zako kwa herufi: l huonesha folda, r huifungua. Ikikosekana s, alama ya kusomwa haihifadhiwi, na programu inayotafuta UNSEEN (barua zisizosomwa) itaingiza hati zilezile kila ikizunguka. Omba s, na bado utunze UID (namba ya kila barua) pamoja na UIDVALIDITY (namba inayoonesha kama UID hizo bado ni halali), ili programu ijue ilichokwisha kuingiza.