Gari la familia lililochakaa: kipi kitengenezwe kwanza na kipi kisubiri

Gari la familia lililotumika miaka kumi na mitano au ishirini huwa halina tatizo moja. Taa ya injini huwaka, shokapu za nyuma hugonga, kioo cha mlango wa abiria hukataa kupanda na oili hupungua kidogo kidogo, na yote hayo hujitokeza katika mwezi uleule ambao ada ya shule inadaiwa. Mwenye gari ambaye hawezi kugharamia kila kitu kwa mara moja, na hao ndio wengi wetu huku Arusha na Moshi, hujikuta akitengeneza kile kinachopiga kelele zaidi, kwa sababu kelele humkera kila siku na abiria huilalamikia. Ninapendekeza utaratibu mwingine, nao ni kwamba matengenezo yafuate hatari. Breki, usukani na matairi vitangulie. Vifuatie vitu vinavyoweza kuua injini, yaani joto na upungufu wa oili. Kisha vile vinavyoweza kukuacha njiani, kama betri na mikanda. Na vile vinavyoudhi tu visubiri mpaka fedha ipatikane. Linki ya stabilaiza iliyolegea inaweza kugonga kwa miezi kadhaa bila kumdhuru mtu, ilhali mpira wa breki unaoanza kupasuka hautoi sauti yoyote mpaka siku pedali inapozama.

Kabla ya kwenda kwa fundi

Weka daftari ndani ya gari, uandike tarehe, kilomita zinazosomeka, kilichobadilishwa, aina ya oili iliyowekwa na bei uliyolipa. Magari yetu mengi yaliingia nchini yakiwa yametumika Japani, na si busara kuamini bila ushahidi hesabu ya kilomita uliyoikuta siku ya kununua. Anza hesabu yako mwenyewe na uchukulie kwamba kila ambacho hakina kumbukumbu hakijawahi kubadilishwa.

Daftari hilohilo litumike kuandika dalili. Fundi akiambiwa tu kwamba "gari linalia mbele" ataanza kufungua na kubahatisha kwa gharama yako. Andika kama sauti hutokea injini ikiwa ya baridi au ya moto, kwenye kilima au tambarare, ukikanyaga breki au ukikata kona. Mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyoongezeka, na unaobadilika unapoyumbisha gari kulia na kushoto, kwa kawaida hutoka kwenye beringi ya gurudumu. Mlio wa ka-ka-ka unaosikika usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho huku gari likiondoka huelekeza kwenye sivi jointi, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu. Usukani unaotetemeka wakati wa kufunga breki tu huonyesha diski zisizo sawa, lakini ukitetemeka kwenye mwendo wa kilomita 80 au 90 bila breki kuguswa, anza na balansi ya matairi, ambayo ni kazi ya gharama ndogo.

Breki, usukani na matairi

Anayeishi mjini Moshi na kupanda Kibosho au Marangu mwisho wa wiki anazichosha breki kuliko anayeendesha tambarare. Kutoka Marangu Mtoni hadi Himo barabara hushuka mfululizo, na dereva anayeushika mteremko wote kwa pedali huzipasha moto pedi hadi zinapoteza nguvu ya kushika, huku mafuta ya breki yaliyozeeka yakiweza kuchemka ndani ya mipira. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na ndiyo sababu yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili hata kama kiwango chake hakijashuka. Kwenye mteremko tumia gia ndogo: kwa gari la otomatiki weka 2, L, S au B kulingana na gia boksi yako, uiache injini ibebe sehemu ya kazi.

Mwambie fundi afungue magurudumu yote manne, ya nyuma pia. Gari lenye ngoma za breki nyuma hupitwa sana katika ukaguzi, kwa kuwa kuzifungua kunachukua muda, na humo ndimo mafuta yanayovuja kutoka kwenye silinda ya gurudumu hulowesha breki shuu bila mtu kujua. Pedi iliyobakiza milimita tatu za kitambaa cha msuguano ibadilishwe bila kungoja ikwangue diski. Breki ya mkono ijaribiwe mlimani, si kwenye uwanja wa gereji. Kilima chochote cha Ilboru kinatosha.

Kuhusu usukani, gurudumu la mbele likiwa limenyanyuliwa, lishikwe kulia na kushoto kisha juu na chini, litikiswe. Uchezaji wa kulia na kushoto huelekeza zaidi kwenye tairodi, na wa juu na chini huelekeza kwenye bol jointi au beringi. Bol jointi iliyokwisha isingoje mwisho wa mwezi, kwa sababu ikichomoka gurudumu hulala na gari haliongozeki tena.

Tairi lisipimwe kwa kashata, yaani meno yake, pekee. Ubavuni kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri na umri wa miaka kumi ni bidhaa mbaya kwa bei yoyote, hata muuzaji alisifu vipi.

Joto, ambalo huku kwetu ni jambo la pekee

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu injini nyingi ninazoona zimevuliwa silinda hedi ziliuawa na kifaa cha bei ndogo. Moshi mjini iko kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari, Arusha iko karibu mita 1,400, na lango la Marangu la hifadhi ya Kilimanjaro lipo juu zaidi ya mita 1,800. Kadiri unavyopanda, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, na kwa mwinuko wa Arusha maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi. Injini ya kisasa hufanya kazi karibu na joto hilohilo. Kinachozuia maji yasichemke ni mgandamizo unaoshikiliwa na mfuniko wa rejeta, ambao kwa magari mengi ya Kijapani ni 0.9 au 1.1 (kilo kwa sentimita mraba), na namba hiyo imeandikwa juu ya mfuniko wenyewe. Mpira wa mfuniko ukipasuka au springi yake ikilegea, gari linalotembea vizuri mjini litachemsha likipanda Machame na abiria watano, na fundi asiye makini atakuuzia rejeta nzima.

Kwa hiyo anza na mfuniko, injini ikiwa imepoa kabisa, na ununue wenye namba ileile. Kisha tazama chupa ya akiba: maji yake hupanda injini ikipata moto na hurudi ikipoa. Ikiwa chupa imejaa asubuhi ilhali rejeta ina upungufu, ama mfuniko haurudishi maji, ama mpira unaounganisha chupa na rejeta una tundu, ama gesi ya silinda inayasukuma maji nje. Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama uone kama feni ya umeme inazunguka. Mapezi ya rejeta yaliyozibwa na tope la masika au vumbi la Septemba yaoshwe kwa maji yasiyo na shinikizo kubwa, kutoka upande wa injini kwenda nje.

Thamostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, nayo inahitaji kutetewa, maana mafundi wengi huiondoa na kuitupa kwa madai kwamba nchi za joto haziihitaji. Injini isiyo na thamostati hukawia kufikia joto lake, hula mafuta zaidi na huchakaa haraka, na asubuhi za Juni na Julai hapa Arusha zina baridi ya kutosha kuthibitisha hilo. Ikiwa imekwama, iwekwe mpya yenye nyuzi joto zilezile, na ile ya zamani inaweza kuchunguzwa kwa kuichemsha kwenye sufuria ya maji uone kama inafunguka.

Maji ya bomba na visima kuzunguka Mlima Meru yana madini mengi, floridi ikiwamo, na madini huacha ukoko ndani ya rejeta. Jaza kulanti (kipozeo cha injini) iliyochanganywa kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kopo, na pa kuongezea kidogo tumia maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili ya betri, ukihakikisha kwamba si asidi.

Gari likichemsha barabarani, zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho ili ivute joto kutoka kwenye injini, na uegeshe mahali salama. Ukiona mvuke, zima injini mara moja. Usifungue mfuniko kwa angalau nusu saa, na usimwage maji baridi juu ya injini ya moto. Kuendelea kilomita mbili "mpaka kwa fundi" ndiko hupindisha silinda hedi ya aluminiamu. Wenye magari madogo yasiyo na mshale wa joto wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa taa nyekundu huwaka joto likiwa limeshapita kiasi. Baadaye chunguza oili: ikiwa imegeuka rangi na kuwa kama chai ya maziwa, au rejeta inatoa mapovu mfululizo injini ikiwaka, gasketi ya silinda hedi imeungua.

Oili na gia boksi

Pima oili asubuhi, gari likiwa mahali tambarare, mara moja kwa wiki. Kubadilisha kila kilomita 5,000 kunafaa kwa injini nzee inayotembea katika vumbi, na filta ya hewa ikaguliwe kila mara hiyo. Injini nzee inaweza kula oili, na 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo, zilizomo katika Toyota nyingi, zinajulikana kwa tabia hiyo. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, moshi mweusi ni petroli iliyozidi, na moshi mweupe usiokwisha injini ikiwa ya moto ni maji. Maoni yangu ni kwamba injini yenye nguvu inayokula nusu lita kati ya huduma moja na nyingine haistahili kufunguliwa. Chupa ya kuongezea ni nafuu mara nyingi kuliko ovahoo, yaani kuifungua injini na kuitengeneza upya, iliyofanywa kwa haraka. Taa nyekundu ya oili ni habari nyingine kabisa, kwa sababu inahusu mgandamizo, na dereva azime injini papo hapo.

Gia boksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za ngazi, haitumii oili ya gia boksi ya otomatiki ya kawaida. Soma kijiti chake au kitabu cha gari kabla hujaruhusu chochote kumiminwa.

Umeme na taa ya injini

Betri iliyotulia usiku kucha isome volti 12.6 hivi, na injini ikiwaka, chaji iwe kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa chaji iko chini ya hapo, betri mpya haitakusaidia, angalia mkanda na alteneta. Injini za zamani kama 5A-FE na 3S-FE hutumia mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa karibu na kilomita 100,000, wakati 1NZ-FE ya Toyota IST hutumia cheni.

Taa ya injini ikiwaka, omba uandikiwe namba ya kosa kabla haijafutwa. Kompyuta hutaja dalili, na kifaa kilichotajwa huenda ni kizima. Gari likimisi, yaani silinda isipowasha vizuri, na namba ikawa P0301, yaani silinda ya kwanza, badilishana koili yake (inayopeleka umeme kwenye plagi) na ya silinda ya pili. Namba ikigeuka P0302, koili ndiyo mbovu, na umejua hivyo bila kununua chochote.

Fundi na spea

Fundi mzuri hakasiriki kuulizwa. Mwambie kwa heshima: "Fundi, naomba kabla hujabadilisha unioneshe tatizo lilipo, na kifaa cha zamani nitaondoka nacho." Kifaa hicho ndicho ushahidi wako kwamba kazi imefanyika. Unapokwenda dukani, beba picha ya kibati kilichomo chini ya boneti chenye namba ya chesisi na aina ya injini, kwa sababu "spea ya IST" pekee haitoshi. Spea iliyotumika kutoka Japani inafaa kwa staata, alteneta, taa na milango. Haifai kwa breki, mikanda, pampu ya maji wala kitu chochote cha mpira, kwani hivyo umri huvila hata vikikaa stoo.

Safari ya Desemba ipangiwe matengenezo wiki mbili kabla, wakati gereji hazijafurika na bado kuna nafasi ya kulijaribu gari. Spea iliyofungwa usiku wa kuamkia safari itajaribiwa Same au Mombo, ambako fundi wako hayupo.

Ikifikia hatua ya kubadilisha injini nzima, linganisha gharama yake na bei ambayo gari lingeuzwa likiwa zima, kisha ukague chesisi na sehemu zinazobeba uzito kama zina kutu ya kula chuma. Gari lenye kutu hiyo lisiwekewe injini. Ukiamua kuendelea, dai risiti na hati za injini iliyoingizwa, na uwasilishe mabadiliko TRA (Mamlaka ya Mapato), kwa sababu namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari na mnunuzi wa kesho ataifananisha.