Chati kwenye kishikwambi: ninavyoipanga kabla injini haijawashwa

Nilianza kuruka enzi za begi jeusi la chati, yaani ramani za rubani za kuruka na kutua, lile linalokuachia alama begani. Kila siku 28 inafika bahasha nene. Unakaa mezani, unafungua jalada la pete saba, unachomoa ukurasa wa zamani na kuingiza mpya, mmoja mmoja. Kazi ilichosha, lakini kila chati iliyobadilika ilipita mikononi mwako na uliiona. Kishikwambi kinabadilisha zote kwa kubonyeza mara moja, na huoni kilichobadilika. Marubani wasaidizi wapya wakija kukaa kiti cha kulia, ninawafundisha kuirudisha ile kazi ya macho.

Anzia nyumbani. Chati mpya huanza kutumika Alhamisi, kila baada ya siku 28, dunia nzima siku hiyohiyo. Anga inafuata saa za UTC, yaani saa moja ya pamoja ya dunia, kwa hiyo kwetu Afrika Mashariki Alhamisi hiyo inaingia saa 9 usiku. Ukiondoka saa 8 usiku ukatua saa 11 alfajiri, umeruka na chati za zamani na umetua na mpya. Pakua mapema, Jumatatu au Jumanne, kwa intaneti ya nyumbani. Ukimaliza weka hali ya ndegeni, kisha fungua chati za kila kiwanja unachokwenda, pamoja na kile cha akiba. Kuna chati huonekana kwenye orodha kumbe haijashuka yote. Afadhali uligundue hilo mezani kwako kuliko futi 10,000 ukishuka.

Wewe na mwenzako msisasishe vishikwambi vyenu kwa wakati mmoja. Kimoja kitangulie, kifunguliwe, kikaguliwe, ndipo cha pili kifuate. Aprili 2015 programu ya chati ilijifunga kwenye iPad za marubani wa American Airlines, kwa sababu ya chati ya uwanja wa Reagan mjini Washington iliyojirudia kwenye data. Ndege kadhaa zilichelewa, na nyingine ilibidi zirudi getini kutafuta Wi-Fi. Vishikwambi viwili vyenye kosa lilelile ni sawa na kuwa na kimoja.

Ndani ya ndege, hofia joto. iPad imetengenezwa kufanya kazi hadi nyuzi 35 za hewa inayoizunguka. Dar mwezi wa pili, ndege imeegeshwa na kiyoyozi hakijawashwa, kiti cha rubani kinazidi hapo kwa urahisi. Usikilaze kishikwambi mbele ya kioo hata kwa dakika tano za kwenda kukagua matairi. Kiweke kivulini, kifungwe kwenye kishikilio chake injini zikiwa tayari kuwashwa, kikiwa na chaji ya kutosha safari nzima na ya ziada. Angalia na miwani yako: miwani ya jua ya kukata mng'ao inaweza kukionyesha kioo cheusi ukikigeuza upande fulani. Nimeona mtu akidhani kimezima.

Sasa kusoma. Kabla ya kushuka, soma kichwa cha chati kwa sauti: jina la kiwanja, njia ya kutua, aina ya mtuo, namba ya chati, tarehe yake. Mwenzako asikusikilize tu, asome kwenye chake. Ndipo mwendelee na masafa ya redio, uelekeo wa mwisho, vimo, na njia ya kupaa tena mkighairi kutua, huku mkilinganisha kila kimo na kile kilichoingizwa kwenye kompyuta ya ndege.

Sisemi haya kwa kukariri. Jioni moja ya masika tunarudi Dar kutoka Mwanza, nimeandaa chati ya njia ya kutua namba 05. Tukiwa tunashuka mwongozaji wa ndege akatupa njia ya 23. Nikatelezesha kidole, chati ikaja, nikaanza kumsomea mwenzangu kimo cha mwisho. Aliacha nimalize, akasema kwa upole: "Kapteni, samahani, kichwa cha chati yako kinasema 05." Kidole kilikuwa kimeteleza mara mbili, chati ikaenda na kurudi. Zinafanana rangi, zinafanana umbo, na ufuo wa bahari ni uleule. Nilimshukuru, nikaomba mzunguko wa kusubiri, tukaanza upya kuanzia kichwani. Tangu siku hiyo njia ya kutua ikibadilika chati inasomwa yote upya, hata kama mwongozaji ana haraka.

Hadhari nyingine ni kukuza picha. Ukikuza kwa vidole viwili ili uione namba moja, maelezo ya chini yanatoka nje ya kioo, na humo ndimo huandikwa masharti: usiku hairuhusiwi, au kimo kinapanda mtambo fulani ukiwa umezimwa. Mabaharia wanalijua hili. Novemba 2014 mashua ya mashindano Team Vestas Wind iligonga miamba ya Cargados Carajos, kwenye Bahari yetu hii ya Hindi, kwa kuwa chati yao ya kielektroniki haikutazamwa kwa ukubwa ulioionyesha miamba ile vizuri. Kwanza tazama ukurasa mzima, kisha kuza, kisha urudishe mzima kabla ndege haijaanza kushuka.

Kile kialama cha ndege kinachotembea juu ya chati kinapendeza, na kwenye barabara za uwanjani usiku kinasaidia kweli. Usiongozee ndege kwa hicho. Siku hizi mawimbi ya GPS huvurugwa, hasa ukanda wa Mashariki ya Kati, na kialama kitaendelea kutembea kwa utulivu mahali ambapo wewe haupo. Ulipo pasome kwenye vyombo vya ndege.

Kioo kikizima, msikitengeneze wote wawili. Anayeruka aruke. Mwingine afungue kishikwambi cha pili, asome kichwa cha chati kwa sauti tena.

Na ukishaegesha, kama programu iliganda hata kwa sekunde kumi, jaza fomu ya ripoti kabla hujashuka ngazi: saa, chati iliyokuwa wazi, chaji iliyokuwa imebaki, na kama jua lilikuwa linapiga upande wako.